Njiwa wa samasoti usinunue kwa picha

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo. Vijana wenzetu hapa Birmingham wananiuliza sana njiwa wa kupiga samasoti wanunue wapi, mi nawaambia nenda kwa mfugaji umwombe akurushie kundi lake ulione kwa macho yako, njiwa mzuri anapinduka kinyumenyume haraka mpaka unaona kama kampira kadogo kanashuka kanazunguka, halafu ananyooka anarudi juu kwa wenzie. Anayezunguka akashindwa kusimama mpaka anagonga paa achana naye kabisa.

Mi niliuziwa wakubwa, kuwafungulia tu wakarudi kwao, iliniuma sana. Chukua makinda wa wiki 5 au 6 hivi, wenye pete mguuni inayoonyesha mwaka walioanguliwa. Na subira jamani, samasoti zinakuja baada ya miezi.

Mfugaji, Birmingham, Uingereza