Kabla ya kupanda mikoko, pimeni maji

Mhariri,

Kila msimu wa upandaji miti magazeti huchapisha picha za watu waliokunja suruali wakichomeka mikoko kwenye tope lililo wazi mbele ya bahari. Naomba nafasi nieleze kwa nini sehemu kubwa ya miche hiyo hufa. Kasoro kwa kawaida haiko kwenye mche, iko mahali palipochaguliwa.

Miti ya msitu wa mikoko ni ya aina nyingi na kila aina ina kiasi chake cha maji. Mlilana husimama mbele kabisa na hufikiwa na kila maji yanayojaa. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, yaani aina moja iitwayo hivyo, kisha muia, kisha mkandaa, ambao hukaa kwenye ardhi ya juu kidogo inayofunikwa hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mchu unaweza kuota mbele na pia nyuma karibu na nchi kavu. Tope lililo chini ya mstari wa mlilana halina miti kwa sababu maji hulikalia saa nyingi mno, na mche mchanga hukosa hewa. Hata hivyo ndipo panapopandwa, tena mkoko, kwa kuwa hapana mwenye kupadai na mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota.

Kupima kina cha maji hakuhitaji mtaalamu wa mbali. Simikeni vijiti vilivyotiwa alama kila sentimita 10, vingine katikati ya miti iliyokomaa ya aina mnayotaka kupanda, vingine kwenye kiwanja chenu. Someni kina bahari ikijaa, siku za bamvua na siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo. Kina kikizidi sana kile cha kwenye miti mikubwa, acheni kupanda hapo.

Penye msitu uliokatwa, ulizeni kwanza kwa nini haujarudi wenyewe. Miti mama ikiwa jirani na maji yakiingia na kutoka, miche huja bila mkono wa mtu. Barabara au kingo za mashamba ya chumvi zikiwa zimeziba mkondo, kufungua njia ya maji kutasaidia kuliko maelfu ya miche. Na mchanga ukishuka kutoka mashamba ya juu, hufukia mizizi ya kupumulia ya mchu na mlilana, inayochomoza topeni kama vijiti, na mti mzima hufa ukiwa umesimama. Mwache, Mombasa, mikoko mingi iliangamia hivyo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Kiwanja kikifaa, chagueni mbegu za mkoko zilizoiva: pete iliyo chini ya kichwa imegeuka manjano na mbegu inabanduka kwa kuguswa tu. Zenye matundu ya wadudu ziacheni. Ziwekwe kivulini, zisikauke, na zipandwe ndani ya siku chache. Ncha ya mzizi huenda chini, chipukizi juu, theluthi moja tu ndani ya tope. Ikizama zaidi huoza, ikiwa juujuu hung'olewa na mawimbi. Nafasi ya mita 1 hadi 2 inatosha. Mbegu ya mchu haichomekwi hivyo. Hulowekwa kwa siku moja hivi hadi ganda litoke, kisha hukuzwa kwenye viriba, yaani vifuko vya udongo, kitaluni. Kaa watakula baadhi, mbuzi watakula mchu ulio karibu na vijiji, na nyavu za kukokota zitang'oa mingine, kwa hiyo wavuvi washirikishwe kabla ya siku ya kupanda.

Wakataji boriti nao wakumbuke kwamba mkoko uliokatwa shina hauchipui tena kama mchu. Miti mama iachwe.

Gazi na Makongeni, Kwale, wanavijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wa mikoko, ya hekta 117 tangu 2013, na fedha hizo zinasaidia maji na shule. Wanacholipwa ni kwa miti iliyosimama. Naomba waandishi wenu, kila wanapoambiwa idadi ya miche iliyopandwa, warudi baada ya miezi 12 na kuuliza mingapi iko hai, ya aina gani, na kina cha maji kilipimwa na nani.

Mpenda mikoko,
Pwani