YAH: Kishikwambi kuzima baada ya kuwekwa mwaka 1970, na waranti yangu mliyoifuta

Morogoro,
14 Aprili 2025.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Agosti mwaka jana nilinunua kishikwambi chenu, chenye mfumo endeshi mlioutengeneza wenyewe, niwe naandikia mauzo na madeni. Miezi saba sikuwa na neno nacho.

Sikukuu ya Idi tulifunga duka, kikaisha chaji kabisa. Jumatano ya tarehe 2 Aprili kijana wangu alipokiwasha, saa yake ilikuwa imerudi ya kiwandani: 1 Januari 2023, saa sita na dakika nne usiku, na nje ni saa mbili asubuhi. Intaneti haikuwepo, akaamua kurekebisha kwa mkono. Kwenu mwaka unazungushwa kama gurudumu. Alilisukuma upande siyo, likakimbia kushuka mpaka likagota 1970, kidole kikagusa Hifadhi. Kioo kikaandika: Alhamisi, 1 Januari 1970. Akacheka, akaniita nione. Kabla sijafika kaunta kilishazima. Nembo yenu ikatokea, ikapotea, ikatokea, ikapotea, hivyo hivyo mpaka adhuhuri.

Kituo chenu cha huduma kilinijibu kwa simu kwamba tumeweka tarehe isiyo halali, hayo ni matumizi mabaya, na dawa yake ni kufuta kila kitu. Ndugu Meneja, humo ndani mna madeni ya mafundi sitini na kitu waliochukua saruji na nondo. Nikifuta, nani atakuja kunikumbusha anachodaiwa?

Nikakipeleka kwa fundi simu wa jirani. Alifungua mgongo, akachomoa waya wa betri, tukanywa chai, akaurudisha. Saa ikarudi 2023, kikawaka, madeni yote yapo. Shilingi 30,000. Nilipowapigia kuwaeleza, mhudumu wenu akasema basi waranti imekufa kwa kuwa kifaa kimefunguliwa.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenieleza kinachoonekana kutokea. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia saa sita usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Saa sita na dakika nne usiku ya Morogoro siku hiyo ni sekunde 10,560 kabla hesabu haijaanza, yaani namba hasi. Mtu wa Accra, Ghana, wanakotumia saa za Greenwich, angeweka tarehe na saa zilezile, angekuwa juu ya sifuri na huenda asingepata tabu yoyote. Kifaa mnakiuza Afrika Mashariki. Hili mlipaswa kulijaribu huku huku.

Wala si jambo geni. Mwaka 2016 simu za iPhone zilikuwa zikigoma kuwaka zikirudishwa 1970. Apple ilikiri hadharani, ikarekebisha kwenye toleo la mfumo endeshi wake, iOS 9.3. Nyie miaka tisa baadaye mnamlaumu kijana wa dukani. Kama tarehe hiyo si halali, imefikaje kwenye gurudumu lenu?

Ninachotaka ni waranti yangu irudishwe hadi Agosti, nilipwe 30,000 niliyompa fundi, na mtoe sasisho litakalozuia gurudumu hilo kushuka chini ya mwaka mlioanza kutengeneza kifaa. Hilo la mwisho silidai kwa ajili yangu peke yangu. Duka la pili kutoka langu wanatumia kishikwambi kama hiki na wana watoto.

Nimeambatanisha nakala za risiti mbili, ya ununuzi na ya fundi. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14, baada ya hapo nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani. Naomba msinipigie simu, nimeshapigiwa vya kutosha.

Mteja wenu,
Mmiliki wa duka la vifaa vya ujenzi,
Morogoro.