Kituruki: mzigo uko nyuma ya neno

Mhariri,

Vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Uturuki hukariri msamiati mwingi, kisha hukwama kwenye sentensi ya maneno mawili. Kinachowakwamisha ni viambishi. Sisi tunasema si-ta-kuja. Mturuki huanza neno hilo na mzizi wa kitenzi: gel-me-yeceğ-im, yaani kuja, kanusho, wakati ujao, mimi.

Yambwa, yaani kinachotendwa, ndiyo husumbua zaidi. Kitap okudum ni "nilisoma kitabu", chochote kile. Kitabı okudum ni "nilikisoma kitabu", kile tunachokijua. Hiyo -ı inakaribiana sana na -ki- yetu, na inashangaza kwamba wafundishaji hawaanzii hapo. Irabu yake hubadilika kufuata irabu ya mwisho ya shina: evi (nyumba), okulu (shule), gözü (jicho). P ya kitap nayo hulainika kuwa b.

Kwenye idadi Kiswahili hutuponza. Vitabu vitatu ni üç kitap, si üç kitaplar. Namba ikishatajwa, -lar ya wingi huachwa.

Halafu kuna wakati uliopita. Ali geldi: Ali amekuja, msemaji ana hakika. Ali gelmiş: Ali amekuja, lakini msemaji ameambiwa tu, au ameona viatu vya Ali mlangoni akakisia. Ukisimulia kwa -miş ajali uliyoishuhudia kwa macho yako, msikilizaji ataelewa kuwa umesikia kwa watu, na pengine atakuuliza nani alikuwepo.

Mwalimu wa lugha,
Dar es Salaam