Shangazi, kabla hujalipia kupandisha nyusi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao amenitumia picha uliyojipiga mbele ya kioo, vidole viwili vimeshika ngozi ya juu ya nyusi na kuivutia kwenye nywele. Akaniambia umeshaulizia upasuaji wa kupandisha nyusi huko Istanbul, Uturuki, na kwamba wanataka utangulize sehemu ya malipo ili wakupangie tarehe. Nakujibu hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu wanawake wengi wa rika lako wananiuliza swali hilohilo hapa kliniki ya macho.

Sikuandikii kukukataza. Uso ni wako, kiinua mgongo ni chako, na mtu aliyefundisha darasani maisha yake yote ana haki ya kuchoka kuulizwa kila siku kama anaumwa au amekasirika. Ninachotaka ni ujue kwanza kilichoshuka ni kitu gani, maana upasuaji huu unatibu kitu kimoja tu: nyusi na paji la uso vilivyoteremka.

Fanya hivi leo mchana. Futa wanja wote. Kaa mbele ya dirisha na kioo mkononi, fumba macho, legeza paji la uso kama unayetaka kusinzia. Ukishalegea, fumbua macho taratibu bila kunyanyua nyusi, kisha papasa ule mfupa wa juu ya jicho. Kwa wanawake, nyusi kwa kawaida hukaa juu kidogo ya mfupa huo, na mkia wake, ile ncha ya nje, hupanda kuliko kichwa chake. Kwa wanaume hukaa palepale kwenye mfupa. Ukikuta nyusi zimelala chini ya mfupa na ngozi imejikusanya upande wa nje wa jicho, basi ni nyusi. Zikiwa mahali pake lakini ngozi ya kope imezidi na kuegemea kwenye nywele za kope, hiyo ni kazi ya kupunguza ngozi ya kope, upasuaji mwingine kabisa. Na kama ukingo wa kope wenyewe umeteremka ukafunika sehemu ya mboni, tatizo huenda liko kwenye msuli unaoinua kope, na kuvuta paji la uso hakutausogeza. Wengi wana mawili kwa pamoja.

Hapo kwenye wanja nitilie maanani. Umekuwa ukinyoa nyusi kwa chini na kuchora mstari mpya juu yake tangu mimi niko shule ya msingi. Daktari anayeangalia picha ya simu anaona mstari uliochorwa.

Ile mikunjo mirefu ya paji la uso inayokuudhi nayo ina maelezo yake. Msuli unaoinua nyusi ni mmoja tu, ule wa paji la uso. Inayozishusha ni kadhaa: ile ya katikati tunayokunjia ndita, na ule wa duara unaolizunguka jicho. Tena ule unaoinua haufiki hadi mwisho wa nyusi kwa nje, ndiyo maana mkia hutangulia kushuka. Macho yakianza kuzibwa, msuli huo hufanya kazi kutwa nzima ili uone vizuri, na jioni unasikia paji zito. Basi mtu mwenye nyusi zilizoshuka akikatwa ngozi ya kope peke yake, msuli ule hupata nafasi ya kupumzika na nyusi huweza kushuka zaidi ya zilivyokuwa. Ni sawa na kupunguza kitambaa cha pazia wakati fimbo yake ndiyo iliyoteremka.

Sasa nije kwenye nywele zako, ambazo naamini hakuna aliyekuuliza habari zake. Njia ya zamani ni mkato mmoja mrefu juu ya kichwa, sikio hadi sikio, ndani ya nywele. Hunyoosha paji vizuri, lakini hurudisha nyuma mstari wa nywele na kuacha kovu refu. Ukisuka twende kilioni, kovu hilo linaonekana likikatiza kila mstari. Njia ya kamera ndogo inayopitishwa chini ya ngozi, iliyoanza kuenea miaka ya 1990, hutumia mikato midogo, mara nyingi mitatu hadi mitano, nyuma ya mstari wa nywele. Ngozi huachanishwa na mfupa, huinuliwa na kushikizwa. Nayo hupandisha mstari wa nywele kidogo, na inawafaa zaidi wenye paji fupi na nywele nzito mbele. Ipo pia ya kukata ukingoni mwa nywele, inayofaa paji refu kwa sababu hailiongezi urefu, ila inahitaji nywele za kulifunika kovu. Wewe nywele za mbele zimekatika kwa miaka ya kusukwa kwa kukazwa, na paji lako ni refu tangu ujana. Kwa hiyo njia mbili za kwanza zitalirefusha zaidi, na ya tatu itaacha kovu wazi.

Inabaki ya pembeni, mikato miwili mifupi ndani ya nywele za kwenye panja, inayoinua mkia wa nyusi tu. Mimi ni muuguzi, si daktari wa upasuaji, lakini nikitazama picha yako naona mkia ndio ulioshuka, katikati pako sawa. Ndiyo ningeiulizia kwanza.

Kuna na mkato wa juu kidogo ya nyusi. Wanaonufaika nao sana ni waliopooza uso upande mmoja, nyusi ikaanguka hadi kuziba jicho. Nimewaona wakitoka chumba cha bandeji wakiona mbele bila kuinua kope kwa kidole, na sioni aibu kusema huwa nafurahi kama ni mimi. Kwako siupendi, kwa sababu kovu hukaa usoni, na wewe lile tundu la hereni la sikio la kushoto liliota uvimbe mgumu hadi ukaacha kuvaa hereni. Ngozi nyeusi ina mwelekeo huo kuliko nyeupe. Hilo sikio mwonyeshe daktari yeyote atakayekushika.

Jambo lililoninyima usingizi ni ile sentensi yako kwamba siku hizi huoni vizuri pembeni. Usilitupe lote kwa nyusi. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni kimyakimya, bila maumivu, na sisi watu weusi iko juu zaidi kwetu. Kliniki kuna mashine ya kupima upana wa uoni. Tunapima mara moja nyusi zikiwa zilivyo, kisha mara ya pili zikiwa zimeinuliwa kwa plasta. Uoni wa juu ukifunguka na plasta, kweli ngozi ilikuwa inakuziba. Usipofunguka, tatizo huenda liko ndani ya jicho au nyuma yake, na hakuna daktari wa urembo atakayelitibu. Tutaangalia pia mtoto wa jicho na ukavu wa macho, kwa sababu jicho kavu huweza kuteseka zaidi likishafunuliwa. Na siku yoyote kope ikianguka ghafla, ukaona vitu viwiliviwili au kichwa kikauma vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Madhara yapo na uyajue. Ganzi au mwasho wa kichwani unaweza kudumu miezi. Nywele zinaweza kunyonyoka kandokando ya kovu. Nyusi moja inaweza kukaa juu ya nyingine, au zote zikavutwa mno ukaonekana umeshtuka. Mshipa wa fahamu unaoendesha paji la uso hupita karibu na panja. Ukiguswa, nyusi hainyanyuki. Mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi, mara chache hairudi. Uvimbe na weusi huteremka hadi machoni na kukaa wiki moja au mbili.

Istanbul kuna madaktari hodari, sibishi. Ninachopinga ni kukutajia bei kwa picha ya WhatsApp bila kukuuliza kama una presha na sukari, wala kama unameza aspirini. (Usiiache kwa uamuzi wako, daktari wako wa moyo ndiye wa kusema.) Nyuzi au pini hutolewa baada ya wiki moja hivi, ila mwezi wa tatu nyusi moja ikigoma, utamwendea nani? Hapa nyumbani tafuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, bingwa wa upasuaji rekebishi au wa macho aliyebobea kwenye kope. Mwombe picha za wagonjwa weusi waliotimiza mwaka tangu wapasuliwe, si za wiki ya pili.

Kama unataka kuonja kabla ya kisu, kuna sindano za botoksi za kulegeza misuli inayoshusha. Huinua mkia kidogo tu, na baada ya miezi mitatu au minne huisha. Zikichomwa vibaya kwenye paji hushusha nyusi, kwa hiyo usikubali kuchomewa saluni.

Nimekuombea nafasi hapa Moshi Jumanne ijayo. Panda basi la Jumatatu kutoka Tanga, ulale kwangu. Njoo na dawa zako zote kwenye pakiti zake, na picha mbili tatu za ulipokuwa na miaka thelathini, daktari ataona nyusi zako zilikaa wapi asili yake. Utawekewa matone ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, hivyo mwanao aje nawe. Malipo ya Istanbul yasubiri majibu.

Akupendaye,
Mtoto wa kaka yako