Kikao cha Alhamisi: kuhesabu pumzi, na watoto wa moyo (wenye ugonjwa wa moyo)

Habari za asubuhi wapendwa. Kikao kiko palepale, Alhamisi saa nane mchana, hapahapa wodini. Njooni na saa yenye mshale wa sekunde. Tutahesabu pumzi dakika nzima, mtoto ametulia, nguo imepandishwa tuone kifua. Kuhesabu nusu dakika kisha kuzidisha mara mbili tuache. Vichanga hupumua kwa vipindi, haraka kisha polepole, hivyo nusu dakika hudanganya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40.

Muda mwingi tutawapa watoto wa moyo. Anayenyonya kidogo, anaacha, jasho linamtoka kwenye paji la uso, tafadhali asiandikwe mvivu wa kunyonya. Huyo anachoka. Alishwe kidogo kidogo mara nyingi, kichwa kikiwa juu, na apimwe uzito kila siku. Mwenye Tetralojia ya Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo) midomo ikigeuka bluu ghafla, mkunjeni magoti hadi kifuani akiwa mikononi mwa mama, mpeni oksijeni, daktari aitwe mara moja.

Wa zamu ya usiku mtakaoshindwa, niandikieni pembeni. Tutarudia Ijumaa baada ya kukabidhiana zamu.