Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mabashi ya nyuma, kotizasyo, na viti vyenye havina batu

Bandugu, bamama, bayaya na badogo, bamemba bote ba chama chetu cha maketi (vifaru vya vita, mashua na basoda vya kuiga, vidogodogo) na foto hapa Lubumbashi, jambo yenu.

Kazi za kila mwezi munazijua, sitakaa sana pale. Tulikutana kila mwezi isipokuwa Februari (mvua, na kuran haikukuwa), bayaya balifundisha badogo kupaka rangi na kuzeesha vifaru kwa vumbi na kutu, tulienda ku vilio na tukatoa mchango, mu Agosti tukafanya ekspozisyo mu sale ya paroisi na batoto balijaa mpaka inje. Aksanti kwa benye balibeba meza. Ile imetosha.

Sasa maneno ya mabashi, zile bashi zenye picha kubwa ya mbingu na milima zenye tunatundika nyuma ya maketi ku kupiga foto, juu njo hiyo inaongelewa kila mahali, na batu bamoja banafika mpaka kusema mwenyekiti alikula makuta ya chama. Nitaeleza yote, na mwenye kutaka risiti aende kwa mutunza feza, ziko pale zote.

Feza yenye iliingia mwaka huu ni dola 720. Mabashi 6 yenye tuliimprime ilikuwa dola 45 moja, ni 270, vyuma vya kuitundika 40, taa mbili 60, yote pamoja 370. Kodi ya sale 180, ekspozisyo na transport 95. Imebakia dola 75 mu kisanduku. Ni hivyo tu, hakuna kingine.

Benye kupinga balitaka tununue aparei ya foto ya mukono wa pili, ilikuwa ya dola 350. Nauliza: ile aparei ingelala kwa nani? Aparei moja iko mu mikono ya mutu moja, na siku inaharibika chama kinabaki bila kitu. Bashi inatundikwa ku ukuta na kila memba anakuja na telefoni yake anapiga. Tena hata ku ufundi nilikuwa na haki. Ukisogeza aparei kubwa karibu na diorama (maketi zenye kupangwa ku udongo na majani yake, kama mahali pa kweli), gurudumu la mbele linaonekana vizuri, la nyuma linapotea mu ukungu, mpaka ufunge objektifi (jicho la aparei) kufika f/16, tundu ndogo sana, uweke ku miguu mitatu, ungoje, ao upige foto mingi na kuziunganisha na programu. Telefoni, juu sensa yake (kile kipande cha ndani chenye kushika mwangaza) iko ndogo, inashika mbele na nyuma kwa mara moja. Kwa vitu vya eshele ya 1/35 na 1/72 (vyenye kupunguzwa mara 35 ao mara 72) hiyo ni faida kubwa, na telefoni kila mutu yuko nayo tayari.

Bengine banasema: basi mbingu tuiweke na programu, ni bure. Nimeziona hizo foto. Antena ya kifaru ya 1/35 iko nyembamba sana, programu inaikata nusu, majani ya kando yanaliwa, na mwangaza wa mbele unatoka kushoto wakati jua la ile picha liko kuume. Jicho la mutoto linaona kama kuna uongo. Na ku ekspozisyo batu hawakuje kuangalia telefoni, banasimama mbele ya meza, na pale meza yenye bashi nyuma yake njo ilivuta batu, mulijionea wenyewe benye mulikuwa.

Na kusema twende kupigia inje, sawa, jua la kweli halina mupinzani, hapo sibishane. Lakini tuko mu inchi gani? Memba mwenzetu moja aliweka diorama yake kando ya barabara, na alikalishwa masaa akieleza kifaru ni cha plastiki na basoda ni ba plastiki. Sitaki kijana wa mutu apate matatizo juu ya foto ya chama. Ndani ya sale, na bashi, hakuna mwenye atakuuliza kitu.

Ile bashi ya kwanza, ya kiangazi, nataka niiongelee zaidi juu njo yenye ilitukanwa sana, ati iko ya vumbi, haina uzuri, kwa nini hatukuchukua majani mabichi. Yaya wetu mwenye alitengeneza ile diorama ya mashua alisoma mambo yake. Mwaka 1915, mu vita ya kwanza ya dunia, Waingereza balileta mashua mbili ndogo za vita, majina yake «Mimi» na «Toutou», kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni mpaka hapa kwetu Fungurume, pale reli ilikuwa imeisha. Kutoka Fungurume zikavutwa na mashini za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikapanda treni tena mpaka Bukama, zikashuka Lualaba, mpaka zikafika ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata meli ya Wajerumani Kingani, na Februari 1916 meli yao ingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Na benye balikata miti na kujenga madaraja ku ile njia ni babu zetu, majina yao hayakuandikwa, njo maana mimi ile diorama inanigusa na sikukubali ipigwe foto hovyo. Sasa ule musafara mu Mitumba ulikuwa Agosti na Septemba. Mu Katanga mwezi wa Agosti utapata wapi majani mabichi? Ni majani ya kuunguzwa, mbingu nyeupe ya moshi na vumbi, vichuguu vyekundu. Kijana wetu alienda kupiga ile foto mu Agosti ku barabara ya Likasi, akaondoa nguzo za umeme zote kwa programu (hapo programu ina kazi yake), na ikaimprimiwa vile iko. Ile bashi iko ya kweli. Mwenye kutaka majani mabichi, tuko na ya milima ya kijani na mawingu mazito, hiyo tuliifanya kwa diorama ya Saïo, kule Ethiopia, pale Force Publique, jeshi la Kongo ya wakati wa Babeleji, ilipokea Waitaliani benye balisalimu Julai 1941, kule Julai ni mvua. Kwa diorama ya vita ya Tabora 1916 tunatumia ya kiangazi ya jioni. Zingine ni ya ziwa, ya kituo cha treni, na ile ya ukuta wa matofali ya nyumba ya zamani ya hapa mujini, yenye bapenzi ba vifaru vya Ulaya banapenda sana.

Kazi yenyewe iko hivi, naandika juu badogo benye hawakukuwa bajue. Bashi inakaa sentimetre 60 nyuma ya diorama, kivuli kisiiguse, na inakuwa na ukungu kidogo wenye unaficha madoa ya wino. Telefoni unaigeuza kichwa chini, objektifi iguse meza karibu, juu soda wa 1/72 yuko na sentimetre 2 na nusu hivi, macho yake yako chini kabisa, na ukipiga kutoka juu kila mutu anaona ni mchezo wa batoto. Kisha unapandisha ao unashusha bashi mpaka ule mustari wa mbingu na udongo ulingane na objektifi. Taa moja tu, upande wenye jua liko mu bashi. Siku tulipiga ule musafara, mashini ya mvuke mbele, mashua «Mimi» nyuma ku magurudumu, vumbi tuliweka ya kweli yenye tulichunga na kitambaa, mama moja mwenye alikuja kungoja mutoto wake aliangalia telefoni akauliza hii foto ya zamani mulitoa wapi. Iko ku telefoni yangu, nitaonyesha mwenye anataka.

Ile maneno ya kusema bashi ya kwanza iling'ara, ni kweli, nyumba yenye iliimprime iliambiwa ifanye «mat», ya bila kung'ara, ikafanya ya kung'ara, taa ikajionyesha mu mbingu. Niliirudisha mimi mwenyewe na balirudilia bila kulipwa tena. Hiyo nayo hawaisemi.

Mwisho wa hayo maneno, banasema niliamua bila mukutano. Sheria yetu inaomba nusu ya bamemba, ni batu 16. Tuliita mukutano wa Mei juu ya hii maneno tu, ilitangazwa mapema, bakakuja 8. Ekspozisyo ilikuwa Agosti. Ningengoja nani? Komite ilikaa, ikaamua, na mimi nikasaini, na ningesaini tena. Mvua, kilio, transport ya kutoka Ruashi, mechi ya Mazembe, nasikia yote kila mwezi, na kilio naheshimu, lakini mechi haiko sababu. Mutu mwenye hakuje hawezi akasema hakuulizwa.

Na kotizasyo njo inaniumiza kabisa. Tuko bamemba 31, dola 5 kwa mwezi, ilipaswa kuingia 1860. Balilipa mwaka muzima batu 9. Bengine 10 balilipa nusunusu, bakafika 180 bote pamoja. Batu 12 hawakutoa hata faranga moja, na ndani ya bale 12 muko benye banaongea sana juu ya mabashi. Sitataja majina, banajijua. Najua maisha iko nguvu, mutu akiwa na shida aje aniambie, kuna mama moja alikuja akaeleza na tulimuelewa, hakuna mwenye alimusumbua. Lakini kunyamaza na kuendelea kutumia taa za chama, hapana, hiyo haiko haki kwa bale 9.

Mwaka wenye kuja tunatumaini kufanya mengi: bashi ingine kama makuta itaingia, kufundisha bakijana foto zaidi, pengine siku moja kuonyesha kazi ku Musée, tuone vile Mungu atasaidia. Na aparei, kama bamemba bote bakilipa tu miezi tatu ya kwanza, tutaiongelea, mimi siikatai.

Mutunza feza atakuwa ku meza ya mlangoni siku ya mukutano mukubwa, na kitabu chake. Mulipe mbele ya kuingia, tafazali.

Mwenyekiti, Lubumbashi