Barua kwa Somo: Usiku Mapovu Yaliponyamaza

Somo yangu mpenzi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na shemeji anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila joto tu na pilikapilika za korosho. Najua nina deni lako. Tangu arubaini ya mama sijakuandikia hata mstari mmoja. Zile sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, nyingine mara mbili, kila mara nikisema nitajibu nikitulia. Sijatulia, somo. Leo nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimejilaza, usingizi umenikataa, nikaona bora niandike. Haya niliyo nayo hayaenei kwenye sauti ya dakika mbili.

Nina mambo mawili, mtoto na wodi, lakini kila nikianza moja najikuta nimeingia kwenye jingine, kwa hiyo univumilie.

Nianze na mtoto. Ni njiti wa wiki 28, alizaliwa na gramu 1,150. Mama yake ni binti wa miaka 19, uzazi wa kwanza, mpole mno, ukimwuliza kitu anajibu kwa macho. Mtoto alizaliwa anaguna, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, tukamweka kwenye mashine ya mapovu. Wewe umeshahamia kwenye vichwa na mishipa ya fahamu miaka mingi, ngoja nikukumbushe. Hewa inaingia puani kwa vibomba viwili vidogo, na mrija wa upande wa pili umezamishwa kwenye chupa ya maji, sentimita 5 au 6. Kina kile ndicho kinachopanga msukumo wa hewa kifuani. Maji yakichemka mapovu, mtoto anapata. Mapovu yakinyamaza, ujue hewa inavuja mahali, pengine vibomba vimetoka puani, pengine mrija umechomoka.

Usiku wa pili mapovu yalinyamaza. Zamuni alikuwapo muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, watoto 19. Muuguzi mwenyewe ndiyo kwanza ana siku tisa wodini kwetu, ametolewa wodi ya majeruhi, binti mchapakazi asiyekaa chini. Alikuwa anahangaika na dripu ya mtoto mwingine, akasikia kimya, akashukuru. Asubuhi aliniambia machozi yanamtoka, "Dada, nilidhani kelele ndiyo ubaya." Nilimkumbatia. Angejuaje? Kule alikotoka mashine ikipiga kelele ndipo unakimbia. Hapa kwetu unakimbilia kimya, na jambo hilo halimo kwenye karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani. Linaingia sikioni baada ya miezi.

Aliyegundua kwamba mtoto amebadilika rangi ni mama wa kitanda cha jirani, aliyekuja saa tisa usiku kumlisha wa kwake. Akapiga ukelele. Wakampulizia kwa ambu, ule mfuko wa kusukuma pumzi kwa mkono, Mungu akasaidia, akarudi. Kesho yake jioni degedege ikaanza, ile ya kimya ya watoto wachanga, mdomo unatafuna na hakuna kitu, miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli. Tukampa fenobabitoni, ikatulia.

Sasa ana siku 24 na uzito umefika kilo 1 na gramu 480. Ningekuwa nafurahi, lakini kuna kichwa. Alizaliwa na sentimita 26, siku ya 17 nikapima 27, jana nimepima 29. Nimepima mara tatu, nikamwita mwenzangu naye apime bila kumwambia nimepata ngapi. 29. Utosi umejaa, mishono ya fuvu ukipitisha kidole unaisikia imeachana. Daktari wetu wa watoto amempiga ultrasaundi kupitia utosini, anasema vyumba vya maji vya ubongo vimepanuka na alama za damu zipo. Rufaa imeandikwa, Alhamisi gari la wagonjwa linamleta kwenu Dar pamoja na mama yake na muuguzi mmoja wa kwetu.

Najua utakavyosema, maana mimi mwenyewe nimejiambia hivyo mara mia. Njiti wa wiki 28 mishipa ya ubongo wake ni laini kama utando wa kitunguu, na wengi wanaovuja damu huvuja ndani ya siku 3 za mwanzo hata wakiwa mikononi mwa mabingwa. Pengine ingevuja tu. Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba usiku ule chumbani hamkuwa na hata mtu mmoja mwenye sikio la mapovu, na watu wenye sikio hilo nilikuwa nao. Walikuwa sita. Niliwafundisha mwenyewe kwa mwaka mzima, wawili kati yao walipelekwa Dar kwenye mafunzo kwa fedha za serikali. Mwezi Julai yakaja mabadiliko ya kila mwaka. Mmoja yuko wodi ya wanaume, mmoja kliniki ya macho, mmoja chanjo, mmoja mapokezi. Nimebakiwa na wawili, na mmoja wao anakaribia likizo ya uzazi.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, somo.

Wiki mbili zilizopita mganga mfawidhi aliniita. Tunajengewa jengo jipya la watoto wachanga, na hapo hapo kutafunguliwa kliniki ya mishipa ya fahamu, bingwa awe anakuja mara moja kwa mwezi. Anataka mimi nisimamie vyote, watoto wachanga, kliniki hiyo, na mafunzo ya wauguzi wa pande zote mbili. Jumatatu ijayo nasimama mbele ya kamati ya uongozi na mpango wangu mkononi. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe mpaka moyo uliponitulia. Fedha za jengo zipo, mashine zimeshaagizwa. Kwenye makaratasi yote niliyopewa hakuna mstari hata mmoja unaosema wauguzi watakaokuwamo ni nani na watakaa muda gani.

Nilikwenda kwa Metroni. Ni yule yule unayemjua, na bado anatembea na ile filimbi. Hakunifukuza, alinisikiliza vizuri. Anasema muuguzi ni muuguzi, lazima ajue kila kona ya hospitali, na kwamba akiwaacha watu sehemu moja, wodi ngumu zitabaki na wale wale mpaka wachakae. Na kweli, somo, hapo ana hoja. Watu ni wachache, akiziba hapa panatoboka pale. Nami sikuomba nipewe watu zaidi, niliomba hawa hawa wasiondolewe. Miaka miwili kwa uchache, na wakiondoka watoke mmoja mmoja, mpya akae miezi mitatu ubavuni mwa mzoefu kabla hajaachiwa usiku. Akasema atafikiria. Unalijua "nitafikiria" lake.

Unakumbuka Mwalimu chuoni alivyotusimulia habari ya taa ya bluu, hii tunayotibia manjano ya watoto wachanga? Nimeirudia kichwani wiki nzima hii. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford kule Essex, Uingereza, Sista Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa njiti uani jua likiwa zuri. Siku moja akamfunua mtoto mbele ya daktari, mwili umepauka vizuri, isipokuwa kipande cha pembe tatu kilichobaki manjano kabisa. Pale palikuwa pamefunikwa na kona ya shuka. Mwaka 1958 Dk. Cremer na wenzake wakachapisha habari ya mwanga na manjano, na leo wodi za watoto wachanga zina taa ile. Daktari ndiye aliyepima na kuandika. Aliyeona ni sista, kwa kuwa ngozi zile alikuwa anazifunua kila siku. Angekuwa ametoka chanjo Jumatatu na Ijumaa anapelekwa kliniki ya macho, angekiona kile kipembe? Hayo nataka kuyasema mbele ya kamati, ila naogopa wataniambia naleta hadithi.

Na taa zenyewe, nikiwa hapo hapo. Zetu tatu zinawaka bluu nzuri sana, mgeni akipita anasifu. Mwezi uliopita fundi vifaa tiba alikuja na kipimo cha mwanga, mbili kati yake nguvu imekwisha. Balbu inawaka na haitibu. Tulikuwa tunawageuza watoto chini ya taa zile usiku kucha huku manjano inapanda, na ukijua manjano ikizidi inaufanya nini ubongo, hulali. Nimeandika kipimo cha mwanga kwenye mpango, kiwe chetu wenyewe.

Halafu kuna michoro ya jengo. Ni nzuri, vioo, hewa ya oksijeni ya ukutani, vitanda 24. Nikatafuta vitanda vya akina mama, sikuona. Mama wamewekewa benchi kwenye korido! Nikamwuliza mhandisi, akasema wodi ya wazazi ipo, watakuwa wanakuja. Kama wanavyokuja sasa, na mishono ya upasuaji, wameshika kikombe cha maziwa, kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, wanashikilia ukuta. Ule utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili ulitoka mwaka 2021. Watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani kwa mama tangu mwanzo, kabla hali haijatengemaa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0. Waliosubiri mpaka watengemae, asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Sasa mtoto atawekwaje kifuani kwa mama ambaye yuko jengo jingine? Nimechukua penseli, nimechora vitanda vya mama ubavuni mwa vitanda vya watoto, nafasi inatosha ukipunguza ofisi, tena ofisi yenyewe ni yangu. Na nikumbushe, aliyempigia ukelele mtoto wetu saa tisa usiku alikuwa mama. Angekuwa na kitanda pale ndani, pengine angeona mapema zaidi.

Unaona? Nimerudi pale pale.

Kliniki ya mishipa ya fahamu ndiyo nisiyoijua, na ndipo nakutegemea wewe. Tangu Januari nina kauntabuku langu. Kila mtoto aliyezaliwa amechoka, hakulia wala kupumua vizuri, aliyepata degedege, aliyefikisha manjano ya kutisha, namwandika jina, kijiji na namba ya simu ya mtu wa karibu. Wamefika 61. Waliorudi kuangaliwa ni 14. Wengine nitakuja kuwaona wana mwaka na nusu, miguu imekaza, shingo haijakaa, wameshazungushwa kwa waganga wote wa wilaya. Siwezi kuwalaumu wazazi. Tuliwaruhusu na kadi, tukawaambia "mtoto akisumbua mrudi", na mtindio wa ubongo hausumbui mapema. Mtoto mpole, analala sana, mama anafikiri amejaliwa.

Sasa niambie, maana Jumatatu haiko mbali. Kwenu wauguzi wa wodi ya vichwa vikubwa, hao watoto waliojaa maji kichwani, wanahamishwa? Kama hawahamishwi, nani alilisemea hilo mpaka likakubalika, na mliliandikaje? Mnawapa chochote, posho, siku ya ziada ya kupumzika, au ni heshima tu? Mpya mnamweka miezi mingapi kabla hajabaki peke yake? Watoto waliowekewa mpira wa kupitisha maji ya kichwani, nani anawafuatilia wakirudi kwao mikoani, na mnawapigia simu au mnangoja waje? Ile karatasi yenu ya kupima kichwa kila wiki unaweza kunipigia picha? Na huyu wa kwangu, kwa kilo moja na nusu mtamwanzia wapi, mtakuwa mnamtoa maji kidogo kidogo kwanza mpaka akue, au moja kwa moja kwenye upasuaji? Mama yake ameniuliza kama kichwa kitarudi, nami sikumjibu. Wewe huwa unawajibuje?

Na fadhila ya mwisho. Baba wa mtoto anakuja na basi la Ijumaa, atashuka Mbagala Rangi Tatu, hajawahi kufika Dar na hana ndugu huko. Naomba shemeji akampokee, alale kwenu siku mbili tatu mpaka ajue njia ya hospitali. Ni kijana mwema, anavua pweza. Mama mtoto atakaa wodini, mpitie hata dakika tano ukitoka zamu, mwambie wewe ndiye somo yangu, nimeshamhadithia habari zako. Mtazame pia anavyomfunga mtoto kifuani. Anafunga vizuri kuliko sisi wote, nimeshamtumia kuwafundisha wenzake.

Wasalimie watoto, mwambie mkubwa kitabu chake kipo, kinakuja na gari hilo hilo la Alhamisi.

Wako,
Somo

Nilikuwa sijaituma nikaitwa wodini, ndiyo nimerudi. Kichwa leo 29.3. Ananyonya kwa kikombe mililita 25 bila kukohoa, na akiguswa shavu anageuka. Yule binti wa majeruhi yupo zamuni, ameniomba nimwachie mashine ya mapovu ya kitanda cha nne aisikilize. Amevuta kiti, amekaa karibu nayo. Metroni hajasema lolote bado.